Bi Khairiya na Neno "Riba"

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi Khairiya Munir anastaafu Ijumaa hii. Hapa ofisini Oud Metha tumeshaanza kuhangaika. Mimi Emiliana, jirani yake wa meza, tangu Jumatatu sikai nikatulia.

Alikuja huku ughaibuni kutoka Mombasa, akamwacha bintiye Huda, wa miaka saba, kwa bibi yake Kisauni. Alianza kwa kufagia ngazi za majengo yetu ya Al Twar, akapanda hadi kusimamia amana za wapangaji, zile pesa mtu anazoweka akiingia nyumba na kurudishiwa akitoka. Kukaa kitako hawezi. Chai yake hupoa madirishani, nasi hupita tukikusanya vikombe.

Tutamkumbuka zaidi kwa mwaka ule kampuni ilipoweka kanuni kwamba amana zikiongezeka huko benki, ziada apewe mpangaji. Habari njema, jamani! Bi Khairiya akawatafsiria wapangaji wetu Waswahili: "Mtarudishiwa amana pamoja na riba." Lo, neno moja tu. Ilipofika jioni Mzee Shafik wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshafunga mizigo, na watu wa pwani wanajiandaa kumfuata, riba hawaili. Naftali, Mkristo mwenzangu, akajitolea kuwapokelea wote hiyo riba.

Meneja akamwambia abadilishe neno, aandike "faida", khalas. Akakataa.

"Pombe ukiitia kwenye birika la chai, sir, ni pombe tu."

Alizunguka na jambo hilo wiki nzima, sisi roho juu asije akafukuzwa, mpaka kampuni ikazihamishia amana benki ya Kiislamu, zizae kwa biashara ya halali. Ndipo akaandika "faida". Mzee Shafik akafungua mizigo, na yupo mpaka leo.

Juzi nimemkagulia nyumba yake, naye pia ni mpangaji wetu. Ukutani hakuna hata tundu la msumari, kwa hiyo amana yake ataipata kamili.

Ila iko amana nyingine, na hiyo ndiyo inayoninyima raha. Huda, ulituwekea mama yako ukiwa mtoto, sasa una watoto wako. Tunakurudishia. Kwa kanuni aliyoisimamia mwenyewe, faida ni ya mwenye amana. Lakini ya miaka yote hii tumeila sisi. Utusamehe.

Bi Khairiya, ahsante sana. Ukifika Kisauni, kaa na mwanao, na chai yako uinywe ingali moto.