Kamba ya Bi Mwendo

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri, na aliye na sufuria jikoni aiepue kwanza. Leo tunamkumbuka dobi wa hospitali, mama wa miaka hamsini na minane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mwendo. Kazini alikwenda kwa miguu. Nyumbani alirudi kwa miguu. Miaka ishirini na sita, wasikilizaji, kwa miguu.

Zamani barabara ile haikuwa na mahali pa mtu. Kulikuwa na lami, halafu mtaro. Basi Bi Mwendo akakata kamba ya kuanikia nguo. Akasimama na furushi la mashuka kichwani, akamwambia jirani apite ubavuni mwake na baiskeli, na upana ule akaupima kwa kamba, akapiga kifundo huku na kifundo huku. Kamba hiyo akaipeleka ofisi ya barabara. Akaipeleka tena. Miaka saba aliipeleka, mpaka mlinzi wa pale akawa anamtania.

"Bi Mwendo, leo umekuja kutufunga?"

"Nikianza, baba, nitaanza na wewe."

Serikali ikasikia. Ikajengwa njia ya miguu ya vitofali, na ya baiskeli kando yake, na ukingo wa kuzuia magari. Siku ya kwanza Bi Mwendo alivua ndala, akaikanyaga peku. "Nataka tujuane," alisema.

Lakini njia hiyo haikudumu wazi. Sasa nani aliiziba? Mniwie radhi, maana hapa pana aibu. Aliiziba mdogo wake, wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yake inatazama njia ile ile. Kwanza alitoa geti moja nje, rangi ikauke. Ikakauka, geti likabaki. Likaja la pili. Mwisho yakawa mageti sita yameegemeana, hapapiti hata kuku. Watu wa ofisi ya barabara walipita na gari lao, wakatazama, wakaenda zao. Na sisi wa redio hii tulisoma tangazo la fundi: njoo ujionee mageti, yako nje. Tulilisoma kwa bashasha.

Kila asubuhi dada alisimama mbele ya mageti yale.

"Mdogo wangu, nipite wapi?"

"Shuka kidogo barabarani, dada. Hatua nne tu, unapanda tena."

"Hatua nne zangu au za lori?"

"Wewe nawe! Wiki hii nayatoa."

Dada alicheka, akashuka. Kwenda kumshitaki hakutaka. "Nimpeleke mtoto wa mama yangu kwa watu?" alimwambia binti yake.

Jumanne moja, saa moja asubuhi, alishuka. Akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili. Gari la mizigo lilimkuta kwenye ya tatu. Bi Mwendo alifariki pale pale, mbele ya mageti ya ndugu yake.

Siku ya mazishi jeneza lilibebwa kwa miguu, kama alivyopenda mwenyewe. Mdogo wake alishika mbele, bega la kulia. Walikwenda vizuri juu ya vitofali mpaka karakanani. Wakakwama. Mageti sita yalikuwa palepale. Katika hekaheka za msiba hakuna aliyekumbuka kuyaondoa, hata yeye. Mtu mmoja nyuma akasema, bila ubaya wowote, "Shukeni kidogo barabarani."

Fundi akashuka, na dada yake begani.

"Nilizihesabu zile hatua," ametuambia. "Ni nyingi sana."

Jioni hiyo aliburuta mageti ndani, moja moja. Alikataa kusaidiwa. Binti wa marehemu akampa kamba aliyoikuta kwenye mkoba wa mama yake. "Chukua, mjomba," alisema. Siku hizi fundi huitandaza chini kamba ile, kupima njia kutoka ukingoni hadi mlangoni, kabla hajawasha mashine.

"Watu wananisifu eti nimejirekebisha," anasema. "Waniache. Njia ilikuwa wazi kabla yangu."

Kwa binti, kwa mjomba, na kwa madobi wenzake wa hospitali, tunawapa pole. Pole ya kweli, na yetu ina aibu ndani yake. Wasikilizaji wapendwa, tokeni nje mtazame mbele ya milango yenu. Kama pana meza, rundo la mchanga au gari lililopandishwa njiani, jiulizeni anayepita hapo mnamshusha wapi.

Sasa tunyamaze pamoja, kwa muda wa mtu kupiga hatua nne.