Delima Shawanda, Aliyewazika Kumi na Mmoja

Bibi Delima Shawanda alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 katika kijiji chetu cha zamani cha Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa nchi hii, kwenye mlango wa mto, palipo leo mji wa Carling Mills. Alikuwa mtoto wa nne wa Bwana Moses na Bi. Agathe. Mwaka 1949 watu wa kampuni ya mbao walipoutaka ufuo, familia zote zilihamishiwa huku miambani, kilomita kumi na tisa. Makaburi hayakuhamishwa.

Mwaka huohuo alichukuliwa kwenda shule ya bweni ya wamisionari, akakaa miaka saba. Alizoea kusema kwamba huko alifundishwa kupiga pasi na kunyamaza, na pasi ilimfaa.

Alipika katika shule yetu ya hapa kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1962 alifunga ndoa na marehemu Ambrose, mvuvi. Walijaliwa watoto watano, wawili wakatangulia.

Mwaka 2016 mji ulianza kufungua vikao vyake kwa tamko la kukiri kwamba umekaa juu ya ardhi ya mababu zetu. Bibi alialikwa asikilize. Diwani alipomaliza kusoma, Bibi alisimama.

“Asante, mwanangu. Sasa nyanya yangu yuko wapi?”

“Sijakuelewa, mama.”

“Yuko chini ya maegesho yenu. Mnamkanyaga kwa malori, halafu mnamsomea.”

Alirudi kila mwezi kwa miaka mitatu, mpaka wakachimba. Walitoka watu kumi na mmoja, sita wakiwa watoto. Mji ulikataa wazikwe palepale, ukamwaga lami upya. Bibi aliwashonea sanda kwa mkono, za watoto akizipima kwa shibiri.

Siku ya kuwazika hapa, Oktoba 2019, diwani yuleyule alitoa karatasi.

“Rudisha mfukoni,” Bibi akamwambia. “Shika koleo.”

Alichimba mpaka viganja vikachubuka, Bibi akimsimamia.

Figo zilipomshinda, alipelekwa mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Gari lilipopita penye maegesho, alifumba macho. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, mikononi mwa bintiye Rhonda. Neno lake la mwisho lililoeleweka: “Asinisomee mtu.” Kwa kumsomea haya machache tumemkosea, atusamehe.

Ameacha Rhonda, Leland na Gerard, wajukuu tisa, na mdogo wake Bernadette, ambaye sasa ndiye pekee anayekikumbuka kijiji.

Tunamlaza mwisho wa safu ya wale kumi na mmoja. Pumzika, Bibi. Uko na watu wako.