Eutiquia Daguman Orbeso na Kilima cha Mivinje, 1957–2023

Kila aliposhuka kilimani, Eutiquia alivua viatu akazigonganisha soli mpaka udongo ukaisha. Alifanya hivyo hata kwenye ngazi za kanisa. Majirani walimtania kwamba anaogopa kumwibia Mungu udongo. Aliwajibu kuwa udongo ule si wa kumpelekea Mungu.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 kijijini Hinagdan, kisiwani Samar, mtoto wa kwanza wa Simplicio na Abundia Daguman. Alisomea ualimu wa biolojia Tacloban, akahitimu mwaka 1979, na akafundisha sekondari ya Hinagdan hadi alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1982 aliolewa na Teofilo Orbeso, mlinzi wa bwawa la tope la mgodi wa shaba. Walijaliwa binti mmoja, Analyn. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1993, baada ya mvua ya siku nne, ukingo wa bwawa ulipasuka. Teofilo alifukiwa, na mwili wake haukupatikana. Mgodi ulifungwa. Tope likakauka likawa kilima kisichoota hata jani, na kila mvua iliponyesha shaba ilichuruzika mtoni. Kamba wakatoweka.

Mwaka 2003 aliona mvinje mmoja umeota pembeni mwa kilima, mizizi yake imevikwa nyuzi za kuvu. Alichota udongo wa mizizi ile, akaoteshea miche. Aliwaeleza wanafunzi wake kwamba kuvu hutema tindikali inayoigandisha shaba ikawa chembe zisizoyeyuka, na ile inayopenya huifungia ndani ya nyuzi zake, isiudhuru mti. Lakini shaba haiondoki. Udongo ukichimbuliwa, nyuzi hukatika na sumu hushuka tena mtoni. Walipanda mivinje elfu moja na mia mbili. Kufikia 2012 kamba walikuwa wamerudi.

Mwaka huohuo mdogo wake, Crispulo, aliyezoea kumwita Pulong, alipanda kilimani na koleo kutafuta mifupa ya shemeji yake. Eutiquia alimkuta ameshaanza.

"Dada, mumeo amelala kwenye tope la kampuni kama mbwa, wewe unabembeleza ukungu."

"Mwache, Pulong. Ukimtoa yeye, wanao watakunywa shaba."

Pulong alitupa koleo. Hawakusemezana miaka mitatu, mpaka Krismasi ya 2015, alipobisha mlangoni na sahani ya suman, akidai wali ule wa nazi umezidi kwake. Walikula pamoja, wakalalamika kwamba sukari imezidi.

Agosti 2022 figo za Eutiquia zilianza kushindwa. Daktari hakutaja sababu, naye hakuuliza. Aliuguzwa na Felisa, binti wa Pulong, na akafariki tarehe 17 Mei 2023.

Ameacha binti yake Analyn, wajukuu wawili, mdogo wake Crispulo na Felisa anayesoma maneno haya. Mungu amlaze pema, panapostahili uchovu wake.

Katika mkesha wengi waliuliza kwa nini azikwe hapa parokiani, mbali na mumewe. Aliyeuliza zaidi ni Pulong, maana alikuwa ameshapima mahali pa kaburi chini ya mivinje. Siku mbili kabla ya kifo, Felisa alimweleza shangazi yake habari ya mahali hapo. Eutiquia aliugeuzia uso wake ukutani.

"Nimemtamani miaka thelathini, mwanangu," alisema. "Nizikeni parokiani. Kule asichimbe mtu."