Aliye Juu Mshushe: Kumuaga Dada Volti

Tarehe 30 Juni, Dada Volti anakabidhi funguo za chumba cha kulinganisha, ghorofa ya juu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi wa karakana ya leza, ghorofa ya chini, mnayeniita Kinyozi. Aliyenichagua ama hajui historia yetu, ama anaijua vizuri mno.

Kwa wageni wetu: kiwanda hiki hutengeneza jairoskopu, kipimo kinachoiambia ndege imegeukia wapi. Ndani yake mna pete ndogo kuliko kifungo cha shati, inayotetema kwa namna mbili. Mitetemo hiyo inapaswa kwenda kasi moja, lakini hakuna pete inayotoka mashineni bila kasoro. Mmoja huupita mwenzake. Dada Volti hutia umeme kwenye vibati vinavyoizunguka pete. Mvuto wa umeme huilegeza pete upande ule, na mtetemo wenye kasi hupungua hadi ulingane na mwenzake. Umeme hushusha tu, haupandishi.

Somo hilo lilimwingia mbele ya wanunuzi, mwaka wake wa kwanza. Aliunganisha nyaya upande usio wake, akaushusha mtetemo uliokuwa tayari nyuma, pengo likaongezeka maradufu. Hakutetereka. Aliwaambia kwamba sasa wameiona njia isiyofaa, akageuza nyaya, akaliziba pengo. Kesho yake mlangoni pake palibandikwa karatasi: "Aliye juu mngoje chini." Chini yake aliongeza kwa kalamu: "Akichelewa, mshushe." Shemeji yetu, mumewe, anasema hata redio ya nyumbani Dada huishusha tu, hajawahi kuipandisha.

Mimi na yeye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Mimi huinyoa pete kwa leza. Ukiipunguzia uzito mahali panapofaa, mtetemo wa nyuma hupanda. Yeye alisema nywele huota, pete haioti. Nami nikasema umeme wake ni vipodozi, ukizimwa sura hurudi ileile. Tulinuniana miaka, hata salamu tukipitishiana kwa mesenja.

Ndipo ikaja ile shehena ya jairoskopu za ndege za kupeleka dawa. Pengo lilikuwa kubwa. Alipoongeza umeme, pete zilivutwa zikagandamana na vibati. Leza nayo peke yake isingefika kwenye usahihi ule. Mnunuzi alishasema: zikirudi na kasoro anahamia kwingine, na hapo vyumba vyetu vyote viwili vingefungwa. Kila mmoja alijua anamhitaji mwenzake. Mimi na kichwa changu kigumu nilikaa nikisubiri.

Asubuhi moja mlango wangu ukafunguliwa. Dada Volti alisimama pale na trei ya pete mikononi.

"Kaka," alisema, "aliye juu ameshuka. Nipandishie hizi kidogo, palipobaki niachie mimi."

Nikanyoa, akashusha, mitetemo ikakutana katikati. Shehena ikapita yote. Tangu siku hiyo kila pete huanzia kwangu ikamalizikia kwake, na mafundi aliowafunza ndio wanaolinganisha huko juu leo, tena kwa kujiamini kama yeye.

Dada, ahsante sana. Chumba kitakukosa, na mimi zaidi. Upumzike kwa afya na furaha, wewe na shemeji, na redio muipandishe kidogo. Siku hiyo ya mwisho usihangaike kubeba masanduku yako ngazini. Safari hii napanda mimi.