Nguo Zilizobaki Nje ya Kipimo: Risala ya Kikundi cha Wendo, Tala

Mgeni rasmi, Bwana Aloys Mwangangi, mkuu wa mradi wa kupima athari za nguo kwa mazingira. Viongozi wa soko, wazee wa kanisa, mabibi na mabwana: karibuni Tala. Tunafurahi mmefika, ingawa mwaka huu furaha yetu ni ndogo.

TULIKOTOKA
Sisi ni wauza mitumba na wakulima wa bondeni. Wengi wetu tunafanya kazi zote mbili. Mitumba imetusomeshea watoto. Lakini kila beli ya nguo ikifunguliwa, kuna zisizouzika: zilizochanika, zenye madoa, sweta za nailoni zilizovutika. Hizo tunazitupa korongoni nyuma ya soko, na mvua huzishusha hadi mashambani.

MAFANIKIO
Wataalamu wako walipokuja, tuliwafungulia vibanda. Walipima nguo kwa mizani, wakauliza zinatoka wapi na huvaliwa kwa muda gani. Ripoti yao inasema mitumba inaokoa maji na kupunguza moshi wa viwanda. Tunaamini. Leo umetuletea cheti cha soko safi.

Siku ile mwenyekiti wetu, marehemu Ngui, alimwuliza mmoja wao, "Na hizi tunazotupa?"

"Hizo haziko kwenye kipimo, mzee. Kipimo ni cha nguo zinazonunuliwa tu."

CHANGAMOTO
Mvua ilipopita, ng'ombe wa Ngui aliacha kula, akafa. Daktari wa mifugo alimpasua, akatoa tumboni bonge la nguo lililosokotana kama kamba. Ngui alitambua soksi za watoto kutoka beli yake mwenyewe.

Alishuka korongoni na mafuta ya taa, akaanza kuchoma lile rundo. Mkewe, Mutindi, alimfuata.

"Baba Kanini, huo moshi ni mbaya. Rudi nyumbani."

"Nikirudi, kesho atakufa ng'ombe wa nani?"

Alichoma kila jioni mpaka kifua kikamkatalia. Tulimzika kabla ya mavuno. Hospitali haikusema ni moshi, na sisi hatusemi. Tunasema tu kwamba alikuwa mzima.

Rundo bado liko, tena limeongezeka. Sisi ndio tunaoliongeza, maana hatuna pengine pa kupeleka nguo hizo. Maji yanayopita hapo yana rangi tusiyoijua, na ndiyo yanayoingia kisimani kwa Mutindi.

MAOMBI
Mheshimiwa, kabla ya chakula, tunaomba ushuke nasi korongoni. Gambuti tumekuazimia. Tunaomba kipimo kianze upya, kifuate nguo hadi inapoozea, au inapokataa kuoza. Cheti tunaomba ubaki nacho kwanza.

Mutindi ameketi mstari wa mbele. Tulimwomba asome risala hii, akakataa. Amesema tukuulize jambo moja tu: yale maji ya kisima, awape wajukuu au asiwape?

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, na akupe moyo wa kutujibu hata kama jibu ni baya.

Ni sisi, Kikundi cha Wendo, Tala.
Imesomwa na Loise Ndanu, katibu.