Ngurumo na Desibeli Thelathini za Magunga

Kijiwe chetu hapa Magunga ni ubao mmoja uliolazwa juu ya masanduku mawili ya spika zilizokufa, mgongo wake ukiegemea uzio wa waya wa zahanati, uso wake ukitazama uwanja ng'ambo ya barabara. Osman huleta birika la kahawa ya tangawizi, sisi huleta midomo. Alasiri hiyo midomo ilikuwa moto kuliko birika. Kesho yake kwaya ya mwalimu Lynnet ingezindua nyimbo zake uwanjani, na kwaya za Ntimaru na Kegonga zilikuwa zimeshaanza safari kuja kuimba nayo. Lakini asubuhi afisa wa mazingira alikuwa ameleta kipimo chake cha sauti kwenye waya huu, kikasoma desibeli tisini na tatu. Mwisho unaoruhusiwa mbele ya wagonjwa, alisema, ni sitini na tatu. Angerudi saa kumi. Asiporidhika, hakuna kuimba. Na sasa ilikuwa imepita saa nane.

Mwenye spika ni Willis, tunamwita Ngurumo. Alikuja anavuka barabara, jasho likimtiririka, muziki ukivuma uwanjani nyuma yake.

— Nimemaliza kazi! Nimetoa spika nne nzima. Fomula, soma hiyo simu yako.

Fomula ni Austine, anayesomea fizikia chuoni. Simu yake ilikuwa imening'inizwa kwenye waya, ikipima, na asubuhi ilikuwa imekubaliana kabisa na kipimo cha afisa.

— Tisini na moja, akasema.

— Wacha bwana! Soma vizuri.

— Tisini na moja, Ngurumo. Umeshusha mbili tu.

— Yawa! Nilikuwa na spika kumi zinatoa tisini na tatu. Kila moja ni tisa na kitu. Nimetoa nne, hiyo ni thelathini na saba. Nilidhani hata nimempa afisa nyongeza!

Lynnet, ambaye hakuwa amekaa tangu asubuhi, alipiga mguu chini.

— Ngurumo, watu wangu wako njiani! Nikiwaambia warudi, nitatazama nani usoni?

— Tulia, mwalimu, tulia. Simu ndiyo imechoka.

Osman alimimina kahawa taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

— Simu haijachoka. Ni jua. Chuma kikipata joto si kinavimba? Sauti pia inavimba. Ngojeni jioni, itanywea yenyewe.

— Afisa anakuja saa kumi, Osman, si jioni! akasema Lynnet.

— Basi magunia ya omena. Tundika magunia matupu kwenye waya wote huu. Harufu ile ya dagaa ni nzito, sauti haipiti.

— Harufu inazuiaje sauti? akauliza Fomula.

— Wewe umewahi kusikia mtu akiimba karibu na gunia la omena?

Tulicheka mpaka ubao ukayumba. Ngurumo hakucheka. Alikuwa ameshika njia nyingine kichwani.

— Mimi nasema ni sauti za kwanza. Wale akina mama wanaopanda juu kule. Hao ndio wanabeba desibeli nyingi. Tukiwaacha nje, wabaki wa besi...

— Jaribu! akasema Lynnet. Jaribu kuwaambia wewe mwenyewe, nikuone ukikimbia mpaka Homa Bay!

— Ama waimbe wakitazama ziwa, akaongeza Osman kwa haraka. Zile desibeli zote zizame huko. Samaki hawana afisa.

Hapo Fomula akasimama juu ya ubao. Akisimama hivyo, tunajua darasa limeanza.

— Nyinyi nyote mnahesabu desibeli kama kilo za mahindi. Desibeli hazipunguzwi hivyo! Kila ukishuka desibeli kumi, ukali wa sauti unagawanywa kwa kumi. Ukishuka kumi tena, unagawanya kwa kumi tena. Kumi tena, tena!

— Thelathini ni kumi mara tatu, akasema Lynnet polepole. Kwa hiyo kumi, mia...

— Elfu! Lazima ukali ushuke mara elfu moja!

Ngurumo akaketi kwa kishindo.

— Omera, elfu? Mimi nina spika kumi. Nikibaki na moja?

— Umegawanya kwa kumi tu. Itasoma themanini na tatu.

— Kwa hiyo nachukua hiyo moja, naikata vipande mia moja, napiga kipande kimoja?

— Kihesabu, ndiyo.

— Kihesabu! Huyu mtoto wa watu ataniua.

— Na ukitaka kulia zaidi, sikiliza hii. Tisini na tatu hapa kwenye waya ni wati ngapi zinazofika? Chukua wati moja, ikate vipande elfu. Vipande viwili tu kwa kila mita ya mraba. Hizo ndizo kelele zako zote.

— Mimi nimebeba wati elfu nne kutoka Migori, na hapa zinafika mbili za elfu? Ngurumo akajishika kifua. Zingine zimeibiwa na nani?

— Zimetawanyika, zinaenda kila upande. Lakini kuna habari njema! Fomula alikuwa sasa anarukaruka, na ubao ukiruka naye. Ukali unafuata kimo cha wimbi kikizidishwa kwa chenyewe. Ukishusha kimo mara kumi, ukali unashuka mara mia. Sasa tunataka elfu. Ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe inakupa elfu?

Osman akahesabu kwa vidole, akafika thelathini, akakosa vidole.

— Thelathini na mbili hivi! akapaza sauti Lynnet.

— Mwalimu! Huyo ni mwalimu! Ngurumo, pale kwenye mashine, kile kipimo chako cha umeme kilisoma volti ngapi asubuhi?

— Thelathini na mbili.

— Rudisha spika zako zote kumi. Shusha volti mpaka moja.

— Moja tu?

— Moja! Kimo cha wimbi kitafuata!

Ngurumo alivuka barabara kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tulimwona akiunganisha nyaya, akiinama, akishika kitufe kama anayemkanda mgonjwa. Muziki ukaanza tena, mdogo, laini. Sote tukajazana kwenye simu.

— Sabini... sitini na nane... sitini na nne...

— Sitini na tatu! akalia Fomula.

Lynnet akamkumbatia Osman, kahawa ikamwagika, hakuna aliyejali. Ngurumo alirudi akicheza kwa mabega.

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya migongo yetu, ndani ya waya. Mwanamke alikuwa amesimama, leso kiunoni, kitoto kimefunikwa kifuani.

— Lynnet, ni kelele gani hizi?

— Damaris! Umejifungua jana, si ulale! Akatugeukia. Huyu huimba sauti ya pili kwenye kwaya yangu. Damaris, tumepata! Desibeli sitini na tatu, afisa hana la kusema.

— Nimefurahi. Akamtazama Fomula juu ya ubao. Sasa hiyo sitini na tatu, kesho mimi nikiwa kitandani pale dirisha la mwisho, nitasikia maneno ya wimbo?

Fomula akashuka kwenye ubao. Akatazama simu, akatazama dirisha, akaanza kuandika namba hewani kwa kidole: mita, ukuta, pazia.

— Rudi kitandani, usikilize, akasema Lynnet.

Akavuka barabara mwenyewe, akashika maikrofoni. Ngurumo alimfuata, akazima muziki, akasimama mbele ya kitufe, mikono nyuma, asije akashawishika kukipandisha. Lynnet akaimba mstari mmoja wa wimbo mpya, bila kupaza sauti:

— Tumefika mlangoni, tufungulieni...

Akageukia zahanati. Tukasubiri. Pikipiki ikapita, tukaichukia.

Kisha kutoka dirisha la mwisho, nyembamba, imechoka, lakini mahali pake hasa, sauti ya pili ikajibu:

— ... tumekuja na mgeni.

Ngurumo akaanza kuruka uwanjani peke yake.