Kamera Mbili na Wodi ya Njiti

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kutengeneza saa, mkabala na geti la hospitali. Zamani lilikuwa ndani humo, benchi la kungojea daktari. Walipoleta viti vya plastiki wakalitupa nje likiwa na miguu mitatu, nami nikalipigilia wa nne. Kuanzia saa nne asubuhi utamkuta Gia, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye mkono wake mmoja bado unatafuta gia hewani akizungumza. Pembeni yake ni Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu. Alitunza maabara ya sekondari miaka ishirini na sita, akiosha chupa na kusikiliza walimu, na anasema kusikiliza ndiko kulikomfikisha hapo alipo. Shemeji yangu anapitisha kahawa. Mimi nakaa dirishani, jicho moja kwenye lenzi ya kukuzia, masikio yote mawili kwenye benchi.

Siku hiyo Kachu alifika na mikoba miwili. Kachu ni mpiga picha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na jina hilo tulimpa kwa mlio wa kamera yake: kachu, kachu, unamsikia kabla hujamwona. Kamera hiyo ilikufa wiki iliyopita, baada ya miaka kumi na moja ya harusi na picha za vitambulisho.

— Leo mnanisaidia kuchagua, alisema akiketi. Mwenye duka ameniazima hizi mbili. Moja nabaki nayo, nyingine anaitaka kabla ya saa nane.

Akazitoa. Moja kubwa, nzito, dada wa ile iliyokufa, ile wanayoiita DSLR. Nyingine ndogo, bapa, ya kisasa, wanaiita mirolesi.

— Tofauti yake ni nini, ukiacha unene? Gia aliuliza.

— Hii kubwa ina kioo ndani, Kachu akasema. Ukichungulia unaona kupitia kioo. Ukibonyeza, kioo kinaruka, nuru inapita, picha inapigwa. Hii ndogo haina kioo. Unachokiona ni skrini ndogo humo ndani.

— Na kazi yenyewe ni ipi?

Akatuonyesha kwa kidevu jengo la ng'ambo. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti amemwita. Wako akina mama waliojifungua kwa upasuaji ambao wamelazwa ghorofa ya tatu, wengine wiki nzima hawawezi kushuka, na mtoto hawezi kupandishwa. Simu haziruhusiwi wodini. Kwa hiyo muuguzi mkuu anataka kila mama awe na picha ya mtoto wake kando ya kitanda.

— Masharti ni matatu, alisema Kachu. Hakuna flashi, hakuna kelele, na mikono inanawiwa mpaka kwenye viwiko. Naanza leo saa tisa.

— Chukua ya kioo, Gia akasema papo hapo. Ukibonyeza unasikia imefanya kazi. Gari lisilo na mlio unalijuaje kama limewaka?

— Mzee Gia, nimesema hakuna kelele.

— Hiyo si kelele, ni taarifa.

Profesa akavua miwani. Akivua miwani jua mambo yameanza.

— Hebu tuliangalie jambo hili kisayansi. Kioo kikiruka, wewe unayechungulia unaona nini?

— Giza, Kachu akakubali. Kwa nukta moja hivi.

— Na nukta hiyo ndiyo picha inapopigwa. Maana yake picha zote za kamera hii zimepigwa na mtu asiyeona. Sasa unajua kwa nini kwenye picha za harusi watu wamefumba macho. Wanamwonea huruma mpiga picha.

— Wanafumba kwa sababu ya flashi.

— Hivyo ndivyo mlivyoambiwa.

Gia akaiomba ile ndogo, akaiweka jichoni, akamlenga Profesa. Alikaa nayo muda mrefu.

— Mimi humu simwoni Profesa, alisema. Naona televisheni ya Profesa. Mtu yuko mbele yako, hatua mbili, wewe unamtazama kwenye televisheni. Ukibonyeza, umepiga picha ya televisheni. Wajukuu watakuja kuuliza, huyu babu alikuwa mtu au alikuwa kipindi?

— Lakini hiyo inatafuta macho yenyewe, Kachu akasema, akaichukua. Tazameni. Inaweka kimraba kwenye jicho la mtu na haimwachi.

Akamlenga Profesa. Profesa akanyoosha shingo na kutengeneza kola. Kimraba kikatua usoni pake, kikacheza kidogo, kisha kikahamia kifuani pa Gia, kwenye fulana ya matangazo yenye uso wa mwanamke anayetabasamu na kipande cha sabuni.

— Imekwenda wapi? Profesa aliuliza.

— Kwa mwanamke wa sabuni, nikasema.

— Inajua kuchagua, akasema Gia.

Profesa akatangaza kwamba mashine hiyo imefundishwa kutafuta wenye furaha, na kwamba siku si nyingi itakataa kabisa kumpiga mtu mwenye matatizo, na hapo ndipo vitambulisho vitakosekana. Gia akasema ndiyo maana betri zake haziishi siku nzima: kumpenda kila mtu kunachosha. Shemeji akajaza vikombe.

Kachu alicheka nao, lakini nilimwona anageuza zile kamera mapajani, moja mkono huu, nyingine mkono ule.

— Nyinyi mnatania, alisema. Mimi shida yangu iko hapa. Hii ya kioo naijua gizani. Vidole vinajua kila kitufe kilipo. Hii ndogo nimeishika tangu jana tu. Na kule ndani kila mtoto napewa dakika tatu, halafu muuguzi ananitoa. Nikianza kutafuta vitufe, dakika zimekwisha, na mama hana picha.

— Basi jibu unalo, Gia akasema. Ya kioo.

— Ambayo italia kwenye sikio la mtoto wa kilo moja na robo, nikasema mimi kutoka dirishani.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba benchi lina mtu mwingine. Alikuwa fundi mpaka rangi, ovaroli yake ina madoa meupe mpaka magotini, na kwenye kifundo cha mkono amefungwa kile kitepe cha plastiki wanachowafunga wazazi hospitalini. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, kikombe mkononi, hajanywa.

— Samahanini, alisema. Nimewasikia muda. Hizo kamera mbili, ni ipi itamwonyesha mama kwamba mtoto anapumua?

Mkono wa Gia ukasimama hewani. Mimi nikaweka kibano changu mezani.

— Ni wangu, yule bwana akaendelea, taratibu, kama anayeeleza rangi gani inakwenda chumba gani. Ana siku tatu. Mama yake yuko ghorofa ya tatu, kidonda hakijamruhusu kuinuka. Anasema tunamficha, mtoto amekufa. Nikimwambia yuko hai, ananitazama tu. Jana muuguzi alimwandikia uzito wa mtoto kwenye karatasi. Akaigeuza karatasi, akasema hata maiti ina uzito.

Shemeji yangu alimshika bega akaliachia.

— Mimi picha naitaka, akasema. Ila mtoto mwenyewe siku nzima amelala, macho yamefungwa, na mirija puani. Nikimpelekea picha hiyo, atasema nini?

— Sijui, Kachu akasema.

Alisema hivyo bila aibu, akimtazama usoni. Akafikiri. Kisha akauliza:

— Wanakuruhusu kumgusa?

— Kwa kitundu cha pembeni cha kile kisanduku cha joto alimolazwa. Nikishanawa.

— Ukimpa kidole, anafanya nini?

Mpaka rangi akatazama mkono wake mwenyewe.

— Anakishika.

Kachu akaichukua ile kubwa, akairudisha mkobani na kufunga zipu.

— Mzee Gia, naomba unipelekee hii dukani. Mwambie nabaki na ndogo. Wewe kaka, saa tisa tunaingia pamoja. Mkono wako utakuwa ndani kabla mimi sijafika kwenye kisanduku.

— Na vidole vyako? Gia akauliza. Si umesema haviijui?

— Sasa hivi ni saa tano. Vina saa nne za kuijua. Shika kidole cha Profesa.

— Nishike nini?

— Kidole. Kishike kama mtoto.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya kwenda dukani, dereva wa malori ya masafa marefu alikaa kwenye benchi letu ameshika kidole cha shahada cha Profesa, watu wanapita wanatazama. Kachu akiwa amechuchumaa, kamera chini karibu na goti, anatazama skrini ya mgongoni iliyoinuka kama kifuniko. Anawasogelea, anarudi nyuma. Kivulini, juani, ndani ya kibanda changu palipo na giza. Mpaka rangi alikuwa akimwelekeza: kisanduku kinafika hapa, kitundu kiko upande huu.

— Utaanza lini? Profesa aliuliza, mkono umechoka.

— Nimeshapiga arobaini, Kachu akasema.

Hatukuwa tumesikia kitu.

Saa tisa kasoro robo wakavuka barabara pamoja, yeye na yule bwana, na walinzi wakawafungulia geti.

Kesho yake Kachu alikuja mapema kuliko Gia. Alitusimulia watoto saba, dakika tatu kila mmoja, na muuguzi aliyesimama nyuma yake na saa, ambaye baada ya mtoto wa pili aliacha kuitazama saa. Alisema aliposafisha zile picha alimpelekea yeye mwenyewe mke wa yule mpaka rangi picha yake, na baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na ovaroli yake.

Ile picha haina uso. Ina mkono mdogo usiozidi jani la mchicha, umekizunguka kidole cha mtu mzima, na kwenye ukucha bado kuna rangi nyeupe ya ukutani iliyokataa kutoka kwa sabuni. Juu kidogo ya pale mtoto aliposhika, ngozi ya kidole imebonyea.

Mama aliitazama muda mrefu, Kachu akasema. Kisha akamvuta mumewe kiganja, akakigeuza, akatafuta kidole chenyewe.

— Anabana, alisema. Tazama huyu anavyobana.